Maungamo Mawili kwa Mshono Mmoja

"Ni mimi niliyeuchomelea," alisema mzee.

"Ni mimi!" sauti ya mkewe ikajibu kutoka chumba cha pili, maana ukuta uliowatenganisha ulikuwa wa mbao na haukuwahi kumnyima mtu habari.

Mzee akageuza shingo. "Mwongo huyo, Afande. Usimsikilize."

"Mwongo ni yeye!" ukuta ukasema.

Inspekta aliinuka, akafunga mlango. Haikusaidia kitu. Kwenye ujia, katikati ya milango miwili, Koplo wake alikuwa amesimama akigeuza kichwa huku na huku kama mtu anayetazama mpira wa meza.

"Afande," alinong'ona, "mimi nimezoea 'si mimi, si mimi'. Hawa wanagombea pingu kama watoto wanaogombea kiti cha dirishani."

"Niletee kiwiko."

Koplo akaleta mfuko wa ushahidi. Ndani yake mlikuwa na kiwiko cha bomba la stenlesi, chuma kisichoshika kutu, kipande kilichopinda kama mkono uliokunjwa, chenye ufa kwenye mshono. Kilitoka kwenye kiwanda cha maziwa. Maji ya kuoshea mitambo, yakiwa yanachemka, yalipita kwenye ufa huo na kumwagikia msichana mwendesha mtambo bega na shingo. Msichana alikuwa hospitali, hai, amelalia upande mmoja. Vile viwiko vyote vya kiwanda vilikuwa vimechomelewa kwenye karakana ya mzee na mkewe. Mwendesha mashtaka alitaka jina moja kabla ofisi haijafungwa: uzembe uliojeruhi mtu. Atakayetajwa angeenda jela, na hata akitoka, asingeruhusiwa kushika tochi ya kuchomelea tena.

Inspekta alimwekea mzee kiwiko mbele yake. Mzee alikitazama kidogo tu, kama mtu anayetazama picha ya aibu ya ndugu yake.

"Mshono huu ni wako?"

"Wangu."

"Bomba la duara, mshono unazunguka. Wewe huwa unaanzia wapi?"

"Chini. Naanzia chini, napanda, nafungia chini. Ndivyo nilivyo."

Inspekta akaenda chumba cha pili. Mama alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti, uso ameelekeza dirishani. Alipowekewa kiwiko alikipapasa kwa kidole gumba, polepole, mzunguko mzima. Kidole kikasimama mahali fulani. Uso wake ukasawijika.

"Wako, Mama?"

"Wangu, mwanangu."

"Huwa unaanzia wapi?"

"Ubavuni, mkono wa kulia. Tangu nijifunze."

Inspekta akarudi kwenye ujia, akamwonyesha Koplo donge dogo mahali mshono ulipoanza na kufungwa. Lilikuwa juu kabisa.

"Labda mmoja kasahau," alisema Koplo.

"Fundi anaweza kusahau siku ya harusi yake. Mahali pa kuanzia mshono hasahau. Waite. Tunakwenda karakana."

*

Njiani Inspekta alitoa picha ya eksirei ya kile kiwiko, akaiinua kwenye dirisha la gari. Kabla ya kuvaa sare alikuwa amesomea vyuma, na picha hii ilikuwa inamsumbua tangu asubuhi. Ndani ya mshono mlikuwa na nukta nyeupe, kama chumvi iliyomwagika kwenye kitambaa cheusi.

"Hizi ni nini, Afande?"

"Tungsteni. Ile ncha inayotoa moto kwenye tochi. Yenyewe haitakiwi kuyeyuka. Kazi yake ni kuyeyusha wenzake. Hapa iliyeyuka ikadondokea kwenye mshono. Kila nukta ni mahali ufa unaweza kuanzia."

"Na inayeyuka kwa nini?"

"Ama umeipa umeme mwingi kuliko unene wake. Ama umechukua ncha ya kazi nyingine. Ama..." Akasita, akaikunja picha. "Tuanze na hizo mbili."

Nyuma ya gari, mzee na mkewe walikuwa wamekaa kila mmoja kwenye kona yake, wamenuniana kama wachumba.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa mabati. Mashine moja ya kuchomelea, mtungi mmoja wa gesi ya agoni ya kukinga mshono, meza ya chuma, jiwe la kunolea lililofungwa pembeni peke yake ili vumbi lake lisiruke kwenye kazi. Meza ya zahanati ilikuwa imebanwa katikati ya chumba, miguu juu, ikisubiri kumaliziwa.

Inspekta alianza na kopo la tungsteni. Lilikuwa la bati, limegawanywa vyumba vitatu. Akatoa ncha moja, akaigeuza. Imenolewa huku na huku. Akatoa nyingine. Vilevile.

"Rangi ziko wapi?" aliuliza. "Nyekundu ya vyuma na stenlesi, kijani ya aluminiamu. Kila ncha hutoka kiwandani na rangi yake mkiani."

"Nanoa pande zote mbili," alisema mzee. "Upande mmoja ukichoka, nageuza. Rangi inaondoka na jiwe."

"Sasa unajuaje ipi ni ipi?"

"Kila moja na nyumba yake. Nyumba hazibadilishwi."

Koplo alimsogelea Inspekta sikioni. "Hapo hapo, Afande. Kijani imelala nyumba ya nyekundu. Tumemaliza kazi."

Ilikuwa dhana nzuri, na Inspekta akaipa haki yake. Ncha ya kijani ikitiwa kwenye kazi ya stenlesi kwa umeme mkubwa huvimba na kudondoka. Ncha nyekundu hubaki imechongoka. Basi akaomba chuma cha majaribio, akavaa kofia yenye kioo cheusi, akawasha kila ncha iliyokuwa kwenye nyumba ya nyekundu, moja baada ya nyingine, mpaka shingo ikamuuma. Zote zilibaki kali kama sindano. Wala hakuna iliyokuwa imepotea njia.

"Nani ananoa?"

"Mimi," alisema mzee. "Zangu na zake. Vumbi lake si zuri kwa kifua, sitaki alivute."

"Ananionea," alisema Mama. "Tangu mwaka juzi hanipi hata moja ninoe mwenyewe. Utadhani jiwe ni mke mwenzangu."

Inspekta alishika moja. Mistari ya kunolea ilikuwa imelala kwa urefu, kutoka shina hadi ncha, ili moto utoke umenyooka usitangetange. Kazi safi. Akairudisha. Kidole chake kikagusa ukingo wa kopo, na hapo akahisi kitu: mkwaruzo mmoja wa tupa kwenye chumba cha kwanza, miwili kwenye cha pili, mitatu kwenye cha tatu.

"Mama," alisema, "nichagulie ncha ya bomba hili. Unene wa ukuta wake milimita mbili."

Mama akanyoosha mkono. Gumba lake likapita juu ya ukingo: mmoja, miwili. Likazama chumba cha pili, likatoka na ncha nyembamba ya nyumba ya nyekundu. Macho yake muda wote yalikuwa yanatazama mlangoni.

Mzee wakati huo huo alikuwa amewapa mgongo, anatafuta glavu kwa bidii kubwa. Glavu ilikuwa mkononi mwake.

Inspekta akalifunika kopo.

"Mzee, kwako sasa. Chomelea kama siku zote."

Mzee akavaa kofia. Mkono wake wa kulia, ule wa tochi, ulikuwa unatetemeka. Akaulaza juu ya ngumi ya kushoto, nao ukatulia kiasi, kama mtoto aliyeshikwa bega. Akatazama kitufe cha mashine. Mshale ulionyesha themanini.

"Ampea themanini," alisema kwa fahari. "Milimita moja, arobaini. Milimita mbili, themanini. Hesabu ya baba yangu."

Koplo alikuwa ameshika kipimo chenye taya, kile kinachobana waya na kusoma umeme unaopita. Moto ukawaka. Koplo akasoma, akakunja uso, akakigonga kipimo, akasoma tena.

"Afande," alinong'ona. "Sitini."

Inspekta akainama kwenye kitufe. Kilikuwa na kifuniko cha plastiki kilichoshikwa na parafujo moja ndogo, na parafujo ile ilikuwa mpya kuliko mashine yote. Mtu alikuwa amekitoa kifuniko, akakizungusha kidogo, akakirudisha. Mshale ulisema themanini. Mashine ilitoa sitini.

Akainua macho. Mama alikuwa amesikia Koplo akitaja namba ile, na alikuwa ameweka kidole midomoni.

"Inasomaje?" mzee aliuliza kutoka ndani ya kofia.

"Safi," alisema Inspekta. "Endelea."

*

Mshono wa mzee ulitoka mwembamba, umepangika kama magamba ya samaki. Inspekta akamwacha Koplo aupige picha, akamtoa Mama nje, kwenye pipa la maji.

"Umekizungusha kitufe."

"Punguza sauti, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Mkono wake unacheza. Ulianza kidogo, ukazidi. Kwa themanini, mkono ukisita hata kidogo bomba linatoboka. Kwa sitini anapata nafasi. Anakwenda taratibu, ndiyo, lakini kazi inashika."

"Ungemwambia apunguze."

"Nimwambie?" Mama alicheka kidogo, bila furaha. "Mkono ule ndio ulionifundisha. Alisimama nyuma yangu, akanishika kiganja, akaniambia, 'Usiufukuze moto, uongoze.' Leo mimi nimwambie mkono wako umekwisha? Heri mashine imdanganye kuliko mimi."

"Na leo asubuhi umesema mshono mbovu ni wako."

Mama akachovya vidole kwenye pipa la maji.

"Ulijua si wako. Ulipouzungushia gumba ulisimama juu, mahali mshono ulipoanzia. Wewe unaanzia ubavuni."

"Kama sikuuchomelea mimi, basi nani?" alisema Mama polepole. "Karakana ina watu wawili, Afande. Usimwambie kuhusu kitufe. Nakuomba."

Inspekta hakuahidi. Aliingia ndani, akamkuta mzee anapanga vifaa vilivyokwisha kupangwa. Akaweka kidole kwenye ukingo wa kopo.

"Mikwaruzo hii, Mzee?"

"Urembo."

"Mzee."

Mzee akatazama mlangoni kuhakikisha. "Rangi zinamkimbia," alisema. "Kwanza alichanganya nyekundu na ile ya dhahabu. Halafu siku moja akanoa ncha, akaniletea butu kabisa, anasema, 'Tazama nilivyoichonga.' Nikasema, umechonga vizuri sana mke wangu. Tangu siku hiyo nanoa mimi. Nikafuta rangi zote, asije akaona aibu ya kuzikosa, nikamwekea mikwaruzo. Yeye anajua ni urembo."

"Na ulipoona ule mshono kituoni ukajua si wako."

"Ule? Ule ni mshono wa mtu asiyeona anachofanya." Akatazama tena mlangoni. "Usimwambie, Afande. Akiambiwa haoni, ataweka tochi chini, na akiweka tochi chini ataketi tu. Simfahamu mke wangu akiwa ameketi."

Inspekta alitoka, akakaa kwenye kiti cha mbele cha gari, mlango wazi. Koplo akamjia na soda mbili.

"Haya, Afande. Tunamfunga yupi?"

"Kila mmoja anajua si wake. Kila mmoja anaamini ni wa mwenzake. Ndiyo maana wote wamekiri." Akanywa. "Hebu fikiri. Mashine yao inatoa umeme mdogo kuliko inavyosema, siyo mwingi. Ncha hazijachanganyika. Tungsteni ya humu haiwezi kuyeyuka hata wakiiomba."

"Basi imeyeyukia wapi?"

Inspekta alifungua mfuko wa ushahidi, akatoa kiwiko, kisha akachukua kioo kidogo chenye mpini. Mpaka sasa watu wote, yeye pia, walikuwa wamekitazama kiwiko kwa nje, kwa sababu nje ndiko kulikokuwa na ufa. Akakiingiza kioo ndani ya bomba, akamulika.

Ndani, chini ya ule mshono wa nje uliovurugika, kulikuwa na mstari mwingine. Mwembamba, tulivu. Akaufuata kwa kioo mpaka ulipofungwa. Ulifungwa chini.

"Koplo, njoo uone. Huu wa ndani ndio mshono wa kwanza, na ni wa mzee. Ni mzima, isipokuwa pale ufa wa juu ulipoupasua. Mtu kaja baadaye kaujengea mwingine juu."

Koplo akapiga mluzi. "Na haukuhitajika."

"Washa gari. Kiwandani. Nataka kuona ile sababu ya tatu."

*

Fundi wa kiwanda cha maziwa alikuwa mtu mpana, mchangamfu, mwenye vidole vilivyojaa makovu ya cheche. Aliwapokea kwa viti na maneno mengi.

"Mimi, Afande, ni mtu wa kuchomelea kwa vijiti. Geti lile la mbele? Mimi. Ngazi ile? Mimi. Hiyo ya gesi na tungsteni ni ya watu wenye subira. Mimi sina."

"Hujawahi kuitumia?"

"Wala siijui."

Inspekta alizunguka chumba. Mashine ya fundi ilikuwa ya aina inayofanya yote mawili: ukitaka vijiti unachomeka kishikio cha vijiti, ukitaka gesi unachomeka tochi. Tochi ilikuwa inaning'inia msumarini, safi, bila utando hata mmoja wa buibui. Akaichukua. Ncha iliyokuwa ndani yake ilikuwa nene, mara mbili ya ile ya Mama, na mwisho wake ulikuwa na kichwa cha mviringo kama njiti ya kiberiti. Akaichomoa. Mkiani ilikuwa nyekundu.

"Ncha nene hivi, kwa mabomba membamba hivi?"

"Ah, hizo za siku hizi ni feki," alisema fundi. "Nyembamba zinayeyuka ovyo. Hata hiyo nene yenyewe..."

Akaitupia tochi jicho. Koplo, aliyekuwa anachezea bisibisi, akaacha kuchezea.

"Kwa mtu asiyeijua," alisema Inspekta kwa upole, "unaijua vizuri. Nionyeshe. Washa."

Fundi aliinuka, taratibu mno kwa mtu mwenye mwili ule. Akachomoa kishikio cha vijiti kwenye tundu lake, tundu lenye alama ya chanya. Akachukua tochi, akaichomeka hapo hapo palipotoka kishikio. Akaweka ncha mpya iliyochongoka. Akawasha juu ya kipande cha chuma.

Ncha haikudumu. Ilivimba, ikang'aa, ikawa tone, tone likatikisika na kudondoka.

"Unaona?" alisema fundi. "Feki."

"Kwenye vijiti vyako unashika chanya?"

"Wote tunashika chanya. Kijiti kinatakiwa kiyeyuke."

"Ndiyo. Kijiti kinatakiwa kiyeyuke."

Inspekta akabadilisha nyaya mwenyewe: tochi kwenye hasi, waya unaobana chuma kwenye chanya. Akaweka ncha nyingine, nyembamba. Akawasha. Chuma kikayeyuka kikawa kidimbwi kidogo chenye kung'aa. Ncha ikabaki imechongoka juu yake kama kalamu juu ya karatasi.

"Tochi ikiwa hasi, joto kubwa linakwenda kwenye kazi," alisema. "Ikiwa chanya, joto linarudi kwenye ncha. Ukanunua nene. Ungenunua nene kama mguu wa kitanda, ingeyeyuka tu."

Fundi aliitazama ncha ile nzima kwa muda mrefu. Kisha akaketi.

"Maji yalikuwa yanatiririka kwenye kiwiko," alisema. "Nikajua mshono umeachia. Nikaufunika."

"Mshono wa chini haukuwa na kosa, kwa hiyo maji yalitoka kwenye kiungo cha juu yake. Mpira wake umebadilishwa?"

"Nimeubadilisha... baadaye." Akaelewa alichosema. Akaufunika uso kwa viganja. "Baada ya yule mtoto kuungua ndipo nikaona mpira ulikuwa umekatika. Mshono haukuwa na kosa."

"Na ulinyamaza."

"Afande, yule msichana ni mtoto wa dada yangu. Kazi hii nilimtafutia mimi. Kila siku nakwenda hospitali, dada ananishika mkono, ananiambia, 'Ndugu yangu, wakamatwe waliomfanyia mwanangu hivi.' Nami namjibu, watakamatwa. Mkono wangu ndani ya mkono wake." Akainua macho. "Ungeanzia wapi, wewe?"

Koplo alikuwa anatazama ukuta.

"Nitakuchukua," alisema Inspekta. "Hilo halina njia nyingine."

"Nichukue. Lakini nipitishe hospitali kwanza. Nimwambie mwenyewe, asisikie kwa watu. Akinipiga, anipige nikiwa mbele yake."

Inspekta alifikiri. "Koplo atakupeleka. Pingu zibaki mfukoni mpaka utakapotoka wodini. Koplo, usimharakishe."

"Siwezi, Afande," alisema Koplo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na utani.

*

Inspekta alirudi karakana peke yake. Jua lilikuwa linaingia mlangoni limelala. Mzee na mkewe walikuwa wameketi kwenye benchi moja, katikati yao nafasi ya mtu wa tatu.

"Mko huru," alisema Inspekta. "Mshono wa karakana hii haukuwa na kosa. Mtu wa kiwanda aliuchomelea juu akiwa amegeuza nyaya. Amekiri."

Hakuna aliyeshangilia. Kila mmoja alimgeukia mwenzake, kisha akageuka haraka.

"Sasa mna kazi ya kufuta maungamo yenu. Mmewadanganya polisi, wote wawili. Siwezi kuyafuta bila sababu, na sababu inatamkwa mbele ya shahidi."

"Koplo yuko wapi?" aliuliza mzee.

"Ana kazi. Shahidi wako ni mkeo. Shahidi wa Mama ni wewe."

"Ndivyo sheria inavyosema?"

"Leo inasema hivyo."

Mahali fulani nje, mtu alikuwa anagonga bati.

"Nilichanganyikiwa," alisema mzee.

"Hiyo si sababu."

"Uzee," alisema Mama.

"Wala hiyo."

Mama akashusha pumzi. Akaongea akitazama mbele, sehemu isiyo na mtu. "Nilidhani ni wake. Mkono wake unatetemeka, nikasema labda siku hiyo ulimshinda. Nikasema, jela hawezi. Mimi nitaweza."

Mzee aliganda. "Mkono gani unatetemeka?"

"Huo uliouficha chini ya paja."

Mzee akautoa. Akautazama kama kitu alichookota. "Umejua tangu lini?"

"Tangu chai ianze kumwagika kwenye kisahani ukawa unasema kikombe kina ufa. Tumetupa vikombe vingapi, mume wangu, vikombe vizima?"

"Kwa hiyo umekuwa unaniangalia tu."

"Nimekuwa nakupunguzia umeme pia. Hiyo themanini yako ni sitini. Haya, nikaripoti wapi?"

Mzee alisimama, akaenda kwenye mashine, akaikuta parafujo mpya kwa ncha ya kidole. Shingo yake ikajaa mishipa. Inspekta alisogea hatua moja. Lakini mzee alipogeuka, hasira ilikuwa imeshindwa njiani.

"Nami nilidhani ni wako," alisema. "Kwa sababu huoni."

Mama alipitisha gumba lake kwenye ukingo wa benchi.

"Huoni, mke wangu. Nyekundu huioni. Uzi kwenye sindano huuoni. Juzi umemsalimia mtungi wa gesi shikamoo, kwa sababu mtu alikuwa ameutundikia koti."

"Ulikuwa na koti la mwalimu wa kwaya!"

"Ulikuwa mtungi!"

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, na katikati ya kicheko kitu kikabadilika, akainamisha kichwa, mabega yakatikisika kwa namna nyingine. Mzee akarudi kwenye benchi. Safari hii hakuacha nafasi ya mtu wa tatu.

"Mikwaruzo ya kopo," alisema Mama. "Ni wewe."

"Mimi."

"Nikadhani umezeeka, umeanza kupenda maua."

"Mficha maradhi, kilio kitamfichua," alisema mzee. "Sisi tumefichuliwa na serikali."

Inspekta aliandika sababu ya kwanza mistari miwili, na ya pili miwili, na chini yake akaandika kwamba kila shahidi amethibitisha. Hawakumwona akisogea mlangoni. Mama alikuwa ameshafika kwenye meza ya zahanati, anapapasa kona iliyobaki.

"Hii inatakiwa kesho asubuhi," alisema. "Mkono ukoje?"

Mzee akafungua kinywa kusema "mzuri". Akakifunga.

"Unacheza," alisema.

"Sana?"

"Leo sana. Macho yako je?"

"Katikati ukungu. Pembeni afadhali."

"Basi simama pembeni. Uniambie nikianza kupotea."

"Na umeme?"

"Unasemaje wewe?"

"Hamsini na tano."

"Hamsini na tano! Hiyo ni ya kuunga vijiko."

"Mume wangu."

Mzee alisimama, tochi mkononi, mkono ukicheza mbele ya watu bila kufichwa popote.

"Haya," alisema. "Weka hamsini na tano."

Mama akaweka. Wakashusha kofia zao pamoja, bega kwa bega, na moto ukawaka. Inspekta alikuwa mlangoni. Akageuza uso, maana mwanga ule hautazamwi kwa macho matupu, akabaki hapo akisikiliza sauti yake, nyembamba, tulivu, ikizunguka kona yote bila kukatika.